Daftari la Kidimbwi

Nyuma ya nyumba ya mdogo wangu, hapa Asumbi, kuna kidimbwi cha kuogelea. Najua jinsi sentensi hiyo inavyosikika. Kwetu huku, kandokando ya barabara itokayo Rongo kuelekea Homa Bay, mtu akisema ana maji nyuma ya nyumba huwa anamaanisha tangi la mvua, au kisima ikiwa Mungu amemjalia. Lakini mdogo wangu amefanya kazi ughaibuni miaka mingi, na alipojenga boma lake alitaka watoto wakija Desemba wakute kitu wanachokijua. Akachimba kidimbwi cha mita 8 kwa 4, akakibandika vigae vya buluu, akaniachia funguo, akapanda ndege. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha sayansi katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30. Alidhani hilo lingetosha, na mimi, niseme kweli, nilidhani hivyohivyo.

Nimekaa na jambo hili miezi kadhaa kabla ya kuliandika. Kila nilipoanza, nilijikuta nikiandika juu ya maji, nikimruka mtu. Leo nitajaribu kuwaandika wote wawili, ingawa sina hakika kama nimekwisha kuwaelewa.

Mwezi Oktoba, kabla mvua za vuli hazijashika, nililima tuta la sukuma wiki upande wa juu wa kidimbwi. Pensheni haipandi pamoja na bei ya mboga. Mvua zikaja, tena zikaja kwa fujo, na asubuhi moja nikakuta vigae vya chini havionekani. Maji yalikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele. Nilisimama ukingoni nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa mvua wala tuta. Kilikuwa yule kijana.

Kijana huyo ndiye aliyekuwa akikitunza kidimbwi tangu kijengwe. Mafundi walimwonyesha namna ya kuendesha pampu, kupima dawa na kuopoa majani kwa wavu, naye akashika. Asubuhi ile nilienda stoo, nikafungua ndoo ya klorini ya unga, nikaikuta tupu. Kilo 10, wiki 7 tu. Hapo ndipo nilipokamilisha hesabu yangu: dawa imeuzwa, maji yamechafuka. Alipofika sikumwuliza kitu, nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno moja, "Mwalimu, mvua imekuwa nyingi." Nililichukua kama kisingizio. Akauegemeza wavu ukutani, akaweka ufunguo wa stoo juu ya dirisha, akaenda. Jioni hiyohiyo nikamtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti, mrefu, wenye uhakika mwingi.

Nikabaki na maji.

Nilinunua klorini nyingine, nikaimwaga saa sita mchana, kwa kuwa ndio wakati niliokuwa na nafasi. Sikujua, au nilijua nikasahau, kwamba jua kali hula klorini isiyo na kinga, na baada ya saa chache sehemu kubwa huwa imekwisha. Kesho yake nikaongeza, kesho kutwa nikaongeza tena. Klorini ile ya unga ina chokaa ndani yake na hupandisha pH, kwa hiyo kadiri nilivyoongeza ndivyo maji yalivyozidi kuwa meupe. Harufu ikawa kali hadi ikafika barazani, nami nikafarijika nayo, nikijiambia kwamba angalau dawa ipo ya kutosha. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba harufu ile kali si ya klorini iliyojaa nguvu. Ni ya klorini iliyokwisha kushikana na uchafu ikachoka. Nilikuwa nikinusa uchovu nikiuita nguvu.

Kisha nikaligeukia chujio. Lile ni pipa lenye mchanga ndani, maji huingia juu yakatokea chini, na ukitaka kuliosha unayarudisha maji kinyumenyume yatoke na uchafu. Niliona ni jambo la wazi kwamba mchanga safi utatoa maji safi, basi nikawa naliosha kila siku, mara nyingine mara mbili kwa siku. Lakini mchanga uliooshwa sasa hivi una mianya, na vumbi laini hupenya humo bila kuguswa. Ni ule uchafu kidogo ulionaswa juu ya mchanga ndio unaoziba mianya na kunasa kilicho chembamba zaidi. Chujio huoshwa pale geji ya presha inapopanda, na mimi geji sikuwahi kuitazama. Kila asubuhi nilikuwa nikikiondoa kile ambacho kingenisaidia, nikishangaa kwa nini sisaidiki.

Mama yangu, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka hapo, hakuwa na shauku na kidimbwi. Alikuwa na shauku na tokeni za umeme. "Wuoda," aliniambia jioni moja, "pampu inanguruma tangu asubuhi. Tokeni zinaisha kwa maji ambayo hata ng'ombe hawezi kunywa." Kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo lilelile, "Na yule kijana mbona simwoni?" Nilimjibu kwamba ameacha kazi. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye maharagwe yake. Swali hilo aliliuliza tena siku ya pili, na siku ya tatu, kwa maneno yaleyale, na mimi nikampa jibu lilelile, kila mara kwa sauti ya chini zaidi.

Hatimaye nikakumbuka shabu, ile ya kuzamisha tope majini. Nilinunua kilo 5, nikaisaga, nikaimwaga yote majini pampu ikiwa inafanya kazi. Nilitarajia muujiza. Nilipata uji. Chujio likasakamwa, presha ikapanda, na maji yakarudi na weupe mpya ambao sikuwahi kuuona. Zilikuwa zimebaki wiki mbili wageni wa Desemba wafike.

Usiku huo sikulala vizuri, na kilichonisumbua ni kumbukumbu ya darasani. Miaka mingi iliyopita, pakiti ndogo za unga wa kusafishia maji zilipoingia vijijini mwetu, niliwahi kusimama mbele ya wanafunzi nikiwa na ndoo ya maji ya silanga, yaani bwawa, mekundu kama matofali. Watafiti nao walikuwa wakiujaribu unga wa namna hiyo katika maboma ya magharibi mwa Kenya yanayochota maji ya tope, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 katika jarida la kitabibu la BMJ yalionyesha kuhara kwa watoto wadogo kukipungua. Mimi nilikuwa na darasa langu tu na kijiko cha mbao. Pakiti ya gramu 4 kwa lita 10. Unakoroga dakika 5, unaacha yatulie, unayachuja kwa kitambaa kizito cha pamba, kisha unangoja dakika 20 kabla ya kunywa. Nilikuwa nikiwaambia watoto: chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, na kila moja imebeba chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Ndiyo maana hazikutani, hazishikani, na hazizami. Mnaweza kuziacha siku nyingi na bado zitaelea. Dawa huja kuzipatanisha. Zikishashikana zinakuwa nzito, na hapo uzito wake wenyewe unazishusha.

Nilikuwa nimelifundisha somo hilo kwa miaka, pengine vizuri. Nililala pale gizani nikijiuliza ni vipi mtu anaweza kulifundisha jambo na lisimfikie. Sina jibu hata sasa. Nadhani ndoo ya darasani haikuwa yangu, wala haikunitia aibu. Maji haya yalikuwa yanakaribia kuonwa na mdogo wangu, na mtu mwenye haraka ya kuokoa heshima yake hakumbuki dakika 20.

Usiku huohuo nikaanza pia kuhesabu, maradhi ya kizee. Kidimbwi kile kikijaa kina lita zipatazo 45,000. Mtungi wa kawaida ni lita 20. Hiyo ni mitungi 2,250. Alfajiri ninapoamka huwasikia kina mama wakipita na mitungi, wengine kichwani, wengine kwenye baiskeli, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama getini kuniuliza chochote. Sijui nifanye nini na hesabu hiyo. Siwezi kumwambia mdogo wangu akifukie kilicho chake, na siwezi tena kusimama pale ukingoni kama mtu ambaye hajahesabu. Nimeiacha hapa kama ilivyo.

Asubuhi nilikwenda stendi ya bodaboda. Nilikuwa nimeambiwa kijana anaendesha pikipiki ya mtu. Nilimkuta, akaniamkia kwa heshima, "Shikamoo Mwalimu," nikaitikia, kisha maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima yakanikimbia. Nikasema tu kwamba maji yamenishinda. Alikuwa na abiria. Akanijibu, "Nimpeleke huyu kwanza, Mwalimu." Nikakaa kwenye benchi la mbao karibu saa nzima, nikiwa katikati ya vijana walionijua wote, wengi wao wanafunzi wangu wa zamani, na hakuna aliyeniuliza nangoja nini. Huenda walijua.

Aliporudi tukaenda kidimbwini, naye hakuenda kwenye ndoo ya dawa. Alichota maji kwenye kile kijikopo cha kupimia, akadondosha matone mekundu, akakiinua kuelekea mwanga. Maji yakawa mekundu, yakakolea hadi yakakaribia zambarau. Akaniletea nione. "pH imepanda sana," alisema. "Shabu haiwezi kushika hapa." Kisha akatembea, polepole, kuzunguka kidimbwi, akasimama upande wa juu, akatazama tuta langu la sukuma wiki na mfereji mdogo ambao mvua ilikuwa imeuchora kutoka tutani hadi kwenye vigae. Hakusema kitu. Aliutazama tu mfereji ule kwa muda ambao mimi niliuona mrefu, akaenda kutafuta jembe.

Tulianza na jembe, basi. Tukachimba mtaro wa kuyapeleka maji ya mvua pembeni. Baada ya hapo akaosha chujio mara moja tu, akapima asidi, akaimimina kwenye ndoo iliyokuwa tayari na maji, wala si maji kwenye asidi, akaisambaza kidimbwini kidogo kidogo. Tukangoja hadi kesho. Alipopima tena, matone yakatoa rangi ya waridi iliyofifia. Ndipo akaomba shabu. Hakumwaga, aliipima, akaiyeyusha kwenye ndoo, akaizungusha ukingoni pote kama mtu anayemwagilia miche. Pampu ikaendeshwa saa mbili maji yakizunguka bila kupita kwenye mchanga. Kisha akaizima.

Ukimya ule ulinishtua. Nilikuwa nimeishi na mngurumo wa pampu kwa wiki tatu nikiuhesabu kuwa ndiyo kazi. "Sasa?" nikamwuliza. Akasema, "Sasa tunalala, Mwalimu. Mtu asiingize hata fimbo."

Alfajiri nilikwenda na tochi. Maji hayakuwa yamekuwa kioo, lakini niliuona mstari wa vigae vya kwenye ngazi, kisha ngazi ya pili, kisha sakafu. Sakafuni palikuwa na zulia laini la kijivu. Udongo wa tuta langu, vumbi, klorini yangu yote ya mchana, vyote vilikuwa vimelala pale.

Ningependa kusema kwamba hapo nilikuwa nimekwisha kujifunza. Kijana alipokuja na mrija wa kufyonzea, nikamwomba nimsaidie, akanipa ule mpini mrefu na kunionya niusukume taratibu, taratibu kuliko ninavyodhani. Nilisukuma vizuri kwa dakika kama kumi. Kisha nikaona kona ile ya mbali, nikaona ni karibu kumaliza, mkono ukaenda. Zulia likainuka kama moshi wa jiko lililopulizwa, na baada ya muda mfupi ngazi ya pili ikapotea tena. Nilisimama nimeshika mpini, mzee mzima, nikingoja kulaumiwa. Alichofanya ni kuzima kila kitu na kusema tutaendelea kesho. Sikuambiwa mimi ni mtu wa namna gani. Niliitambua tofauti ile, nikaona ni afadhali angenigombeza.

Kesho yake alifyonza mwenyewe, akiyatoa maji machafu nje moja kwa moja bila kuyapitisha kwenye chujio. Mimi nilikaa kivulini na penseli, nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya mwezi mmoja nyuma. Wiki 7 ni siku 49. Wakati wa mvua alikuwa akitia gramu 200 kila jioni, jua likishazama. Gramu 200 mara 49 ni gramu 9,800. Kilo 9 na gramu 800. Ndoo ilikuwa ya kilo 10.

Nimeifikiria sana hesabu hiyo, na nimejizuia kuifanya iwe nzuri kuliko ilivyo. Haithibitishi kwamba kijana ni malaika. Hesabu haziwezi kuthibitisha moyo wa mtu. Kinachothibitishwa ni kwamba mimi sikuwa na sababu. Nilikuwa na ndoo tupu na hofu ya kuonekana mlinzi asiyefaa, nikachukua vitu hivyo viwili nikatengeneza mwizi. Ningeweza kufanya kuzidisha kwa darasa la nne. Ningeweza hata kumwuliza tu unatia kiasi gani. "Mvua imekuwa nyingi" halikuwa kisingizio. Lilikuwa jibu zima, lenye sayansi yote ndani yake.

Nilimwomba radhi siku hiyo. Sitaandika niliyoyasema kwa kuwa hayakuwa mazuri, yalikuwa ya kukwamakwama. Aliitikia, "Ni sawa, Mwalimu," kwa sauti ambayo ingeweza kuwa ya msamaha au ya adabu tu. Sijui ilikuwa ipi, na nadhani sina haki ya kumtaka anifafanulie. Nikamtumia mdogo wangu ujumbe mwingine wa sauti. Ule wa kwanza ulichukua dakika 6. Huu ulichukua dakika 1, nao ulinichosha zaidi. Mdogo wangu akajibu, "Sawa kaka, nilidhani hivyo." Bado ninajiuliza alidhani nini, na tangu lini.

Wahenga wetu husema haraka haraka haina baraka, na ningeweza kuufunga ukurasa hapo. Lakini kusema kweli methali hiyo hainitoshi. Kama ningekaa tu nikingoja, maji yale yasingetulia. Zile chembe zingeendelea kusukumana hadi leo, na mfereji wa tutani ungeendelea kuleta nyingine. Kulikuwa na kuchimba mtaro, kulikuwa na kupima, kulikuwa na kuyeyusha. Kungoja kulikuja baada ya tendo lililo sahihi, na kulikuwa sehemu ya tendo hilo. Kinachonishinda ni kujua, katika mambo mengine ya maisha, niko wapi: kama huu ni wakati wa ndoo au wakati wa kuzima pampu. Nimegombana na watu ambao nilipaswa kuwaacha walale na hasira yao usiku mmoja. Nimewaacha wengine walale nayo miaka, nikiita subira, kumbe tuta langu lilikuwa likiendelea kuwamwagia udongo. Mtaro sikuwahi kuufikiria.

Watoto walifika tarehe 20 Desemba. Kabla hawajaingia majini, kijana alitupa sarafu ya shilingi 10 upande wa kina kirefu, akawataka waseme kama wanaiona. Aliniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo sheria yake: sakafu isipoonekana, mtoto haingii, hata akilia, kwa sababu aliyezama katika maji meupe haonekani hata na mtu aliyesimama ukingoni. Wiki zile tatu mimi nilikuwa nikiogopa aibu. Hilo la mtoto halikuwahi kunipitia akilini. Wewe msomaji, kama una kidimbwi, au unakwenda kwa mwenye nacho, anza na sarafu.

Kijana amerudi kazini, kwa sharti lake mwenyewe. Alitaka daftari. Kila jioni dawa ikipimwa, huandikwa kiasi, huandikwa pH, na sote wawili tunatia sahihi. Mdogo wangu anadhani ni wazo langu, nami nimemweleza kwamba si langu. Kila nikilishika daftari hilo huona haya kidogo, na sijaona sababu ya kutaka haya hiyo iishe. Ukurasa wa jana unasema: klorini gramu 150, pH 7.4, sakafu inaonekana. Chini yake kuna sahihi yake, kisha yangu.